Tanga moja kwa kila upepo: Hesabu inayowatoa jasho wanaopaa juu ya maji

KOCHA wa soka akikosea kupanga kikosi, bado ana dakika 90 za kujitetea. Akiona beki wake wa kulia anapitwa kama hayupo, anamwita sabu, anabadili mfumo, mambo yanaendelea. Akizidiwa kabisa anapaki basi na kuomba filimbi ipulizwe haraka.

Mwanamichezo wa foili hana bahati hiyo. Yeye kikosi chake anakipanga ufukweni, miguu ikiwa mchangani, macho yakitazama bahari inavyotoa mapovu meupe kwa mbali. Achukue tanga la mita za mraba 7 au la 5? Chini ya ubao afunge bawa la sentimita za mraba 900 au la 600? Akishaingia majini ndo imetoka hiyo. Kule katikati hakuna benchi wala sabu, na upepo haumjui mtu kwa jina.

Na upepo ukiwa mkali, kosa la ufukweni halimalizikii kwenye kupoteza pointi tu. Linaweza kumrusha mtu mita kadhaa mbele, akatua kwenye maji ambayo kwa kasi ile hayana tofauti kubwa na sakafu.

KARATASI MOJA NA NUSU

Kwa ambao hawajawahi kuuona, huu ni ule mchezo wa mtu kusimama juu ya ubao wenye mlingoti na tanga, ameshika bomba, upepo unamsukuma. Umo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984 kwa wanaume, na wanawake wakaingia Barcelona 1992. Kwa miaka mingi ubao ulikuwa unalala juu ya maji na kuteleza, basi. Kuanzia Beijing 2008 mpaka Tokyo, chombo cha Olimpiki kilikuwa RS:X, ubao mkubwa mzito ambao upepo ukilala wachezaji walikuwa wanalipampu tanga kwa mikono mpaka mapafu yanaomba msamaha.

Paris 2024 ikaja na kitu kingine kabisa, iQFOiL. Chini ya ubao huu kuna mguu mrefu wa sentimita 95, na mwisho wa mguu kuna kiwiliwili chembamba kama cha ndege, chenye bawa la mbele na bawa dogo la nyuma. Ubao ukishika kasi, mabawa yanafanya kazi ile ile inayofanywa na mabawa ya ndege, ila haya yako ndani ya maji. Ubao unanyanyuka, mtu na tanga lake wanapaa, kinachobaki majini ni mguu na mabawa tu. Anayetazama kwa mara ya kwanza anadhani ni mazingaombwe. Kelele za maji zinakatika na kasi inapita kilomita 50 kwa saa.

Ukubwa wa bawa la mbele la iQFOiL ni sentimita za mraba 900. Chukua karatasi ya A4 ya kutolea kopi. Moja na nusu hivi, hilo ndilo bawa. Kitu cha ukubwa huo kinambeba jitu la kilo 90, ubao, mlingoti na tanga la mita za mraba 9. Inawezekana kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, kwa hiyo bawa la majini halihitaji kuwa kubwa kama la ndege.

Sasa hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa chungu.

UPEPO HAUONGEZEKI KIZEMBE

Mashabiki wengi wakisikia upepo umetoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, wanajua nguvu imeongezeka mara mbili. Wapi! Imeongezeka mara nne. Nguvu ya upepo kwenye tanga inakwenda kwa mraba wa kasi. Ukiongeza kasi mara tatu, nguvu ni mara tisa. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, wavuvi wa Pwani wanaichukulia kwa uzito. Siyo kwamba upepo umezidi kidogo, ni mnyama mwingine.

Kwa mtu wa foili, maana yake ni kwamba tanga lililomfaa asubuhi, mchana linaweza kumvunja mgongo. Mwili wake ndio uzito pekee anaoutumia kulizuia tanga lisimwangushe. Anajining'iniza nje ya ubao, mkanda wa kiunoni umenaswa kwenye kamba, lakini kilo zake haziongezeki mara nne kwa kuwa upepo umeongezeka. Kuna kikomo. Kikipita, tanga ndilo linaloendesha mtu.

Kwa hiyo jibu jepesi ni kupunguza tanga. Hata babu zetu wa majahazi walilijua hilo. Nahodha wa safari ndefu alikuwa na matanga zaidi ya moja, kubwa la upepo mwanana na dogo la upepo mkali, maana tanga la pembetatu halipunguziki kirahisi likiwa juu. Lilikuwa linatuliwa, linatwekwa jingine. Kazi ya mabaharia wengi na nyimbo zao.

Lakini jahazi halina mabawa chini. Foili inayo, na sheria ya mraba inawahusu wao pia. Bawa lile lile, likiinamishwa vile vile, ukiongeza kasi mara mbili linanyanyua mara nne. Uzito wa mtu haujabadilika, ni ule ule wa asubuhi alipokunywa chai. Basi ile nguvu ya ziada inakwenda wapi? Inakwenda juu, pamoja na ubao na mwenye ubao.

KOSA LA NUSU DAWA

Hili ndilo kosa linalowaumiza wengi, hasa waliotoka kwenye ubao wa kawaida. Upepo unakaza, mtu anaona kengele ya hatari, anashusha tanga kutoka mita 8 hadi 5. Anajipongeza. Bawa la chini analiacha la 900 kwa kuwa kufungua skrubu kunachosha na funguo iko kwenye gari. Kisha anaingia majini akitegemea starehe.

Asichokijua ni kwamba tanga halisukumi mbele tu. Kupitia kitako cha mlingoti, linakandamiza pua ya ubao kwenda chini. Bawa la mbele linanyanyua, tanga linakandamiza, na hapo katikati ndipo ubao unapotulia. Ni kama mizani ya sokoni. Ukipunguza tanga, umepunguza kilo upande mmoja wa mizani. Upande wa pili, bawa kubwa linazidi kunyanyua kadiri kasi inavyopanda.

Matokeo yake pua inainuka. Jamaa anahamisha uzito mbele, inatulia. Upepo unapiga tena, inainuka zaidi. Anakaza goti la mbele mpaka linatetemeka. Mwisho bawa linatokeza juu ya maji, linavuta hewa, na bawa lililovuta hewa halibebi hata kuku. Ubao unadondoka kwa mpigo, pua inachimba, tanga bado lina kasi yake, na mwenye mali anarushwa mbele akiwa bado amenaswa kwenye mkanda. Kofia ngumu na fulana ya kinga kwenye mchezo huu siyo urembo. Yale mabawa ni makali, na anguko la namna hii halikuulizi wewe ni bingwa wa wapi.

Kuna na kosa la upande wa pili, la wale wajuaji. Mtu anasikia upepo mkali, anafunga bawa dogo kabisa la 550 kwa sababu ndilo la kasi. Upepo ukiwa umekaza anaruka kama mshale, raha tupu. Shughuli iko kwenye kona. Kugeuka kunapunguza kasi, na bawa dogo linahitaji kasi kubwa ili libebe. Kasi ikishuka kidogo tu, ubao unakaa majini kama gogo, wenzake wanapita juu yake mmoja mmoja. Kuunyanyua tena katikati ya mawimbi ni shughuli ya kupampu mpaka mikono inawaka moto.

Ndiyo maana wazoefu hawachagui saizi kwa kutazama dakika nzuri ya mbio. Wanatazama dakika mbaya: ile kona ya mwisho wenye upepo uliokatika nyuma ya mashua ya waamuzi, miguu imechoka na mtu anawapumulia kisogoni.

MABAWA NA MATANGA YANAVYOSHIKANA

Kwa anayejiendea zake kwa starehe, kanuni ni laini kidogo. Mtu wa kilo 60, kwenye upepo wa kilomita 35 hadi 45 kwa saa, tanga la mita za mraba 4 hivi linamtosha, na bawa la mbele la kati ya 700 na 900. Wa kilo 90 ataongeza, tanga la 5 na bawa linalokaribia 1,000. Hayo ni makadirio ya ufukweni, siyo sheria za FIFA. Bawa nene lenye tumbo linanyanyua mapema kuliko jembamba la ukubwa ule ule, kwa hiyo namba peke yake inaweza kumdanganya mnunuzi. Ni kama kumsajili straika kwa kutazama urefu wake.

Wengi wakihama kutoka ubao wa kawaida wanagundua kwamba foili inataka tanga dogo zaidi, pengo la mita moja hadi moja na nusu hivi. Ubao ukishapaa, maji hayaukamati tena, hivyo nguvu ndogo inatosha kuusukuma. Wagumu wa kuamini hilo wanaonekana kwa mbali. Ndio wanaopigana na tanga kubwa wakati wenzao wanapita wamesimama wima kama wanasubiri daladala.

Kwenye mashindano mambo yanageuka. Wanaokimbia njia za pembeni, upepo ukiwaingia ubavuni, wanapenda bawa dogo maana kasi ndiyo kila kitu. Wanaotakiwa kubisha upepo kwanza kisha kurudi nao, wanavumilia tanga kubwa na bawa kubwa hata upepo ukiwa mkali, kwa sababu vinawapandisha kwa pembe nzuri zaidi. Mchezaji mwenye bawa dogo anaweza kuwa na kasi kubwa kwenye saa yake ya mkononi na bado akafika kibao cha kugeukia wa tano. Amekimbia mbali, wenzake wamekata njia fupi.

Kwenye ziara ya kulipwa ya PWA, wachezaji wanasajili vifaa kadhaa na kuchagua kulingana na siku. Pale fundi wa kusoma upepo ana faida. Anaweza kumfunga mtu mwenye misuli kuliko yeye kwa kuwa alibadili bawa dakika 20 kabla ya mbio.

Olimpiki hawataki habari hizo.

SAIZI ILIYOBAKI NI MWILI

Kwenye iQFOiL ya Paris 2024 kila mwanaume alipewa tanga la mita za mraba 9, kila mwanamke la 8. Bawa la mbele ni lile lile la 900. Upepo ukiwa wa kubembeleza, ni hilo. Ukiwa wa kung'oa miavuli ya hotelini, ni hilo hilo. Waandaaji walitaka mchezo usiwe wa matajiri wenye kontena la vifaa, na hapo wana hoja. Lakini kwa mchezaji, ni sawa na kuambiwa ucheze msimu mzima kwa mfumo mmoja, iwe unakutana na timu ya mwisho kwenye msimamo au na vinara ugenini.

Basi ujanja umehamia kwenye vitu vidogo. Upepo ukikaza, wanaivuta kwa nguvu kamba ya chini ya mlingoti. Mlingoti unajipinda, sehemu ya juu ya tanga inalegea ukingoni, na upepo wa ziada unamwagikia huko. Tanga ni lile la 9, ila linafanya kazi kama dogo. Kamba ya nyuma nayo inavutwa ili tanga liwe bapa. Kitako cha mlingoti kinasogezwa mbele kidogo ili pua ikandamizwe zaidi.

Kuna na kabari. Hiki ni kipande chembamba kinachowekwa kwenye bawa la nyuma ili kubadili mwinamo wake, na tofauti ya nusu digrii inasikika mguuni. Mwinamo mkubwa unanyanyua mapema na kumpa mtu utulivu, unafaa upepo hafifu. Mkali ukija, mwinamo unapunguzwa, la sivyo ubao unageuka farasi mwenye hasira. Tatizo ni kwamba kabari inafungwa ufukweni. Upepo ukibadilika katikati ya shughuli, mchezaji anabaki na uamuzi wa saa moja iliyopita.

Kinachobaki baada ya hapo ni kilo. Wachezaji waliotoka kwenye RS:X walikuwa wembamba kama wakimbiaji wa mbio ndefu, maana kupampu kulitaka pumzi. iQFOiL ilipochaguliwa mwaka 2019, baada ya majaribio kule Ziwa Garda, Italia, menyu zikabadilika. Wengi wakaanza kula na kunyanyua vyuma. Kilo zaidi zinamaanisha tanga la 9 linazuilika kwenye upepo mkali. Mwili umekuwa ndiyo saizi pekee waliyoachiwa wachague, na wenyewe haubadilishwi dakika 20 kabla ya mbio.

Kamari yenyewe iko wazi. Ukijijenga kwa ajili ya upepo mkali, uombe uje.

MARSEILLE ILIVYOWAFANYIA

Mashindano ya Paris 2024 kwa upande wa matanga yalipigwa Marseille, mji ambao upepo wake maarufu, Mistral, unashuka kutoka kaskazini ukiwa umejaa hasira. Ungesema hapo ndipo mahali pa watu wazito. Lakini siku ya fainali, Agosti 2, upepo ukagoma kabisa. Mabingwa walikaa wakisubiri, fainali zikasogezwa mpaka Agosti 3.

Aliyeumia kuliko wote ni Emma Wilson wa Uingereza. Huyu alishachukua shaba Tokyo akiwa kwenye RS:X, akahamia iQFOiL na kuwa moto wa kuotea mbali. Marseille alitawala mbio za awali, akawaacha wenzake kwa pengo ambalo kwenye ligi lingemfanya avishwe medali mechi mkononi. Ila mfumo wa mchezo huu siyo wa ligi. Pointi zote zile zilimnunulia mtu nafasi tu ya kuingia fainali moja kwa moja. Fainali ilikuwa mbio moja ya watu watatu, na hesabu ilianza sifuri.

Marta Maggetti wa Italia, aliyekuwa wa nne Tokyo na kurudi nyumbani mikono mitupu, akaipiga mbio ya maisha yake na kuchukua dhahabu. Sharon Kantor wa Israel akabeba fedha. Wilson akawa wa tatu. Mapema mwaka huo huo, kwenye Mashindano ya Dunia kule Lanzarote, alishatawala vile vile na kuikosa dhahabu kwenye fainali. Kwa shabiki aliyewahi kuona timu yake inaongoza kundi kisha inatolewa kwa penalti, hakuna haja ya kueleza zaidi. Kwa wanaume, Tom Reuveny wa Israel alipata dhahabu, Grae Morris wa Australia fedha na Luuc van Opzeeland wa Uholanzi shaba.

Mjadala wa mfumo ule haujaisha. Wapo wanaosema televisheni inataka mwisho wenye kelele, na ni kweli fainali zile zilikuwa tamu kutazama. Wengine wanaona ni uonevu kumpa mtu wiki nzima ya kazi kisha kumhukumu kwa mbio moja na kabari moja. Ukweli ni kwamba mfumo ulijulikana tangu mwanzo, na anayekwenda Olimpiki akiwa amejipanga kwa wiki nzima bila kujipanga kwa ile mbio moja, amejipanga nusu.

KUSI LIKIVUMA PAJE

Huku kwetu, fukwe kama Paje na Jambiani kule Unguja, au Diani nchini Kenya, zinajulikana zaidi kwa wale wa kaiti, wanaovutwa na mwavuli. Upepo upo wa kutosha, kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba. Kwa mtu wa foili anayetaka kujaribu, hesabu ya tanga na bawa inaongezewa kitu cha tatu ambacho Marseille hawana shida nacho: kupwa na kujaa.

Mguu wa foili ni sentimita 95. Weka na kiwiliwili chini yake, mtu anahitaji maji ya zaidi ya mita moja, na akianguka anahitaji zaidi ya hapo. Paje maji yakipwa, rasi nzima inageuka kiwanja, watu wanatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Pale katikati kuna mashamba ya mwani, vijiti na kamba za akina mama ambao kipato chao kimefungwa kwenye zile kamba. Bawa la foili likipita hapo kwa kilomita 40 kwa saa, linakata kazi ya wiki kadhaa ya mtu. Mwenye bawa naye hatoki salama.

Kwa hiyo wenye akili wanaanza na jedwali la maji kabla ya kutazama upepo. Maji yakiwa yamejaa na kusi linavuma kisawasawa, mtu wa kilo 75 anafunga bawa la 800, anatweka tanga la mita 4 na nusu, anaingia. Baada ya dakika kumi anajua. Goti la mbele likianza kutetemeka kwa kukandamiza pua, anarudi mchangani, anapindua ubao, anatafuta funguo ya skrubu, na safari hii hajaiacha kwenye gari.